Kisoma Misimbo cha Bluetooth kwa Sedani Iliyotumika: Kinakosaidia na Kinakoishia

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kisoma misimbo kidogo cha Bluetooth, kinachoenea kiganjani, ambacho huchomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani na kupeleka taarifa za injini kwenye programu iliyo kwenye simu. Ni cha aina ile inayofuata amri za ELM327, chipu inayotafsiri mawasiliano ya kompyuta ya gari, ambayo imenakiliwa na watengenezaji wengi kiasi kwamba jina lililoandikwa kwenye boksi halisemi mengi kuhusu kilichomo ndani. Nimekitumia kwenye sedani ya familia yetu, gari lililotumika lenye injini ya petroli ya lita 1.8 na silinda 4, nikikisaidia kwa multimita (kipimo cha umeme) ya kawaida ya kidijitali. Uamuzi wangu nautoa mapema: ni kifaa kinachostahili kuwamo katika kila gari lililotumika, mradi mwenye gari aelewe kwamba msimbo hautaji kipuri kilichokufa. Unataja tu mahali ambapo kompyuta ya gari imeona jambo lisiloafikiana na hesabu zake, na kuelewa tofauti hiyo ndiko kunakoamua kama kifaa kitamwokolea mtu fedha au kitamfanya anunue vipuri ambavyo gari halikuvihitaji.

Kuhusu kuunganisha sina mengi ya kusema. Soketi ina pini 16, na imekuwa ya lazima kwa magari mapya nchini Marekani tangu modeli za mwaka 1996, na kwa magari mapya ya petroli katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yanahitaji uangalifu, kwa kuwa baadhi ya yale ya zamani yana soketi ya umbo lilelile lakini kompyuta zake hazitumii mawasiliano ya kawaida, hivyo programu hubaki ikitafuta bila kupata jibu. Kifaa kisipowaka kabisa, kabla ya kukilaumu, pima umeme kwenye soketi yenyewe: pini 16 inapaswa kuwa na umeme wa betri muda wote, na pini 4 na 5 zinapaswa kuwa hasi. Katika magari mengi soketi hiyo hushirikiana fyuzi na ile ya kuwashia sigara, kwa hiyo chaja mbovu ya simu iliyounguza fyuzi inaweza kumfanya mtu adhani kisoma misimbo kimekufa.

Jambo lililonifanya nikithamini zaidi kifaa hiki ni uwezo wake wa kufichua kilichofichwa wakati wa kuuza gari. Kompyuta ya injini hujifanyia majaribio ya ndani gari likiwa barabarani: hupima katalisti (kisafishaji cha moshi kwenye ekzosi), sensa za oksijeni zinazopima moshi huo, mfumo wa kuzuia mvuke wa petroli na mengineyo, kisha huweka alama kwamba kila jaribio limekamilika. Mtu akifuta misimbo, au akichomoa betri kwa lengo hilohilo, alama zote hurudi kuwa majaribio bado, na huchukua safari kadhaa za mwendo na joto tofauti hadi zikamilike tena. Kwa hiyo muuzaji anayezima taa ya injini asubuhi kabla mnunuzi hajafika huacha dashibodi safi, lakini programu itaonyesha kwamba karibu kila jaribio halijakamilika, na katika magari mengi itaonyesha hata umbali ambao gari limetembea tangu misimbo ifutwe. Ukikuta umbali huo ni kilomita chache tu, una haki ya kuuliza ni nini kilichofutwa na kwa nini. Angalia pia kwamba taa ya injini huwaka unapofungua swichi kabla ya kupiga stata, kwa sababu taa isiyowaka hata hapo huenda imeondolewa au kukatwa makusudi. Ukaguzi wote huu hauchukui muda mrefu, nao umenisaidia kuwaepusha ndugu na magari ambayo kwa macho yalikuwa yanang'aa.

Programu ina kitufe cha kufuta misimbo, na kitufe hicho ndicho kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Msimbo unapoandikwa, kompyuta huhifadhi pamoja nao picha ya hali ya gari kwa wakati ule: mzunguko wa injini, kasi, joto la maji, mzigo, na kiasi cha marekebisho ya petroli. Picha hiyo hupotea misimbo inapofutwa. Mtu anayefuta kwanza na kuchunguza baadaye ameharibu ushahidi wake mwenyewe, na atalazimika kusubiri tatizo lirudi. Utaratibu mzuri ni kusoma, kuhifadhi picha ya skrini, kutafuta chanzo, kurekebisha, na kufuta mwishoni kabisa.

Thamani halisi ya kifaa, kwa maoni yangu, imo katika takwimu zinazobadilika injini ikiwa inafanya kazi. Nitaeleza tukio moja kwa kirefu kwa sababu linaonyesha jambo hili vizuri. Taa ya injini ya gari letu iliwaka kwa msimbo P0171, ambao maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli inayotakiwa. Ushauri unaotolewa haraka ni kubadilisha sensa ya oksijeni, kwa kuwa ndiyo iliyotoa taarifa. Lakini programu huonyesha asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, kwa hesabu mbili: marekebisho ya papo hapo na marekebisho ya muda mrefu. Jumla yake ikikaa kati ya 10 chini ya sifuri na 10 juu ya sifuri, kwa kawaida hakuna la kutisha. Yetu ilikuwa imevuka 20 injini ikiwa imepata moto na haijakanyagwa mafuta. Nilipoikanyaga na kuishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, jumla hiyo ilishuka hadi karibu 5.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyobeba jibu. Hewa inayopenya kwenye ufa ni nyingi ukiilinganisha na hewa ndogo inayotumiwa na injini isiyokanyagwa, lakini injini ikianza kuvuta hewa nyingi kupitia njia yake halali, ile ya ufa huwa sehemu ndogo sana ya jumla. Kwa hiyo marekebisho yanayokuwa makubwa kwenye mizunguko ya chini na kupungua kwenye mizunguko ya juu huelekeza kwenye hewa inayoingia kwa wizi baada ya mlango wa hewa. Tulipotafuta huko tulikuta bomba dogo la mpira linalorudisha mvuke wa oili kwenye injini limekauka na kupasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Sensa ya oksijeni haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ikisema kweli. Kama hali ingekuwa kinyume, yaani marekebisho yawe ya kawaida gari likiwa limesimama kisha yapande gari linapobeba mzigo au kupanda mlima, ningeshuku pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba, au sensa ya kupima hewa iliyochafuka. Sensa hiyo ya hewa nayo inaweza kuchunguzwa kwa kifaa hikihiki: injini ya lita 1.8 iliyopata moto na isiyokanyagwa huvuta takribani gramu 2 hadi 4 za hewa kwa sekunde, na nambari iliyo mbali na hapo ni sababu ya kuisafisha sensa kwa dawa yake maalumu kabla ya kufikiria kununua mpya.

Injini inapomisi, yaani silinda inaposhindwa kuunguza mafuta yake, kifaa husaidia zaidi kwa sababu hutaja silinda. P0300 ni kumisi kusiko na mahali maalumu, ilhali P0301 hadi P0304 hutaja silinda ya kwanza hadi ya nne. Ukipata P0303 kwenye injini yenye koili moja kwa kila plagi, hamisha koili ya silinda ya 3 uipeleke ya 1, futa msimbo, kisha endesha gari. Msimbo ukirudi kama P0301, koili ndiyo mbovu, na umejua hivyo bila kununua chochote. Ukibaki P0303, fanya vivyo hivyo kwa plagi, kisha kwa injekta, na vyote vikiwa salama kipimo cha mgandamizo ndicho kinachofuata, nacho ni kazi ya fundi mwenye geji. Naomba hili lizingatiwe kwa uzito: taa ya injini inayowaka bila kukatika hukuruhusu kufika nyumbani na kupanga uchunguzi, lakini taa inayowaka na kuzima wakati injini inamisi ni onyo kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti na kuipasha moto wa kuiharibu. Punguza mwendo, na usimame mapema uwezavyo.

Katalisti yenyewe ina msimbo wake unaoogofya, P0420, na hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Msimbo huo husema kwamba ufanisi wa katalisti umeshuka chini ya kiwango. Kwenye programu, sensa ya oksijeni iliyo mbele ya katalisti, kama ni ya aina ya kawaida, hupanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9, na ile ya nyuma inapaswa kutulia, mara nyingi karibu na volti 0.6 au 0.7. Ikiwa ya nyuma inaiga mbio za ile ya mbele, katalisti imechoka kweli. Hata hivyo ekzosi inayovuja karibu na sensa inaweza kutoa picha hiyohiyo, na injini inayokula oili au iliyomisi kwa miezi mingi itaiua katalisti mpya kama ilivyoiua ya zamani.

Kuhusu gari linalochemsha, kifaa kinaishinda dashibodi waziwazi. Katika magari mengi ya kisasa mshale wa joto umepangwa ubaki katikati kwa nyuzi nyingi za joto, na unapoanza kupanda tayari hali ni mbaya. Programu huonyesha nyuzi halisi. Injini nyingi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 85 na 100 za Selsiasi, na ukitazama nambari hizo katika hali tofauti utaona tofauti ya vyanzo: joto likipanda gari likiwa kwenye foleni na kushuka likitembea, anzia kwenye feni, rilei yake na fyuzi yake; likipanda kwenye mwendo wa kasi au mlimani, fikiria rejeta iliyoziba, pampu ya maji au thamostati (vali inayofungulia maji ya kupoza injini) isiyofunguka. Thamostati iliyokwama wazi hufanya kinyume, injini haipati moto unaotakiwa, na msimbo P0128 hufuata. Kasoro moja ni muhimu kuijua. Maji yakipungua sana, sensa inaweza kubaki kwenye mvuke na kutoa nambari ya chini isiyo ya kweli, kwa hiyo kiwango cha maji huangaliwa kwa macho kwanza, injini ikiwa imepoa. Gari linalopoteza maji bila kuvuja chini, likitoa moshi mweupe usioisha au mapovu kwenye rejeta, lina dalili za gasketi ya hedi, na hakuna msimbo utakaotamka jambo hilo moja kwa moja.

Sasa nije kwenye umeme, ambako kisoma misimbo peke yake hupotosha. Betri inapokuwa dhaifu au waya wa hasi unapokuwa na kutu, kompyuta za gari hupata volti pungufu wakati wa kupiga stata, na kila moja hulalamika kwa lugha yake: ya breki inalalamika, ya gia inalalamika, ya usukani wa umeme inalalamika. Ninapoona misimbo mingi ya mifumo isiyohusiana imeandikwa kwa pamoja, siushughulikii hata mmoja kabla sijapima betri. Kifaa huonyesha volti pia, lakini huipima kwenye soketi, baada ya umeme kupita kwenye waya mrefu na fyuzi, kwa hiyo nambari yake ni ya kukisia tu. Multimita kwenye vichwa vya betri ndiyo ya kuaminiwa. Betri iliyopumzika kwa saa kadhaa na kujaa vizuri husoma takribani volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Injini ikiwa imewaka, alternata (jenereta ya gari) iipandishe hadi kati ya 13.8 na 14.5, ikibaki 12 na kitu alternata haichaji, na ikizidi 15 inaipika betri.

Gari letu liliwahi kuwa na stata inayozunguka kwa uvivu ingawa betri ilikuwa mpya na nambari zake nzuri. Kisoma misimbo hakikuwa na la kusema. Kipimo kilichotoa jibu ni cha upotevu wa volti: waya mmoja wa multimita kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu mwingine apige stata. Waya mzima hupoteza takribani volti 0.2 au pungufu. Ule ulipoteza karibu volti nzima, kwa sababu mahali ulipofungwa kwenye injini palikuwa na kutu chini ya boliti iliyoonekana safi kwa juu. Kusugua chuma hadi king'ae na kukaza upya kulimaliza tatizo. Ningependa kila mwenye sedani ya umri mkubwa akijue kipimo hiki, kwa kuwa stata na alternata nyingi nzima huondolewa kwa ajili ya waya uliooza.

Betri inayoisha usiku kucha nayo ni kazi ya multimita. Gari lililozimwa na kufungwa linapaswa kunyonya miliampea 50 au chini ya hapo, lakini kompyuta zake huchukua muda kulala, wakati mwingine nusu saa na zaidi, na ukifungua mlango zinaamka tena. Anayepima mapema ataona mnyonyo mkubwa na kuanza kufukuza tatizo lisilokuwepo. Usichomoe fyuzi moja moja kwa haraka, maana kila fyuzi inayorudishwa inaweza kuamsha kompyuta; pima milivolti kati ya ncha mbili za kila fyuzi ikiwa mahali pake, na ile yenye umeme unaopita itajionyesha. Multimita ikiwa kwenye kipimo cha ampea, usithubutu kupiga stata, kwani utaunguza fyuzi yake. Wanyonyaji wa kawaida ni taa ya buti isiyozima, redio au kengele ya wizi iliyofungwa vibaya baadaye, na alternata yenye dayodi mbovu.

Kuna eneo zima ambalo kifaa hiki hakina macho kabisa. Beringi ya gurudumu inayonguruma na kubadilika sauti unapokata kona, sivi jointi inayogonga usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, bushi zilizolegea, shokapu inayovuja, maunti ya injini iliyopasuka, pedi za breki zilizokwisha: vyote hivi huweza kuwa vibovu huku programu ikitangaza kwamba hakuna tatizo. Tangazo hilo lisomwe kwa mipaka yake. Vilevile kisoma misimbo cha aina hii husoma kompyuta ya injini, na kwa kawaida hakifiki kwenye breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasikwame) wala mifuko ya hewa, hata kama taa zake zinawaka. Kwa hizo panahitajika kifaa kikubwa cha gereji au programu maalumu ya aina ya gari husika.

Kifaa chenyewe kina udhaifu nilioubaini kwa kukitumia. Nakala duni husasisha nambari polepole, kiasi kwamba ukifungua takwimu nyingi kwa pamoja grafu huruka na kukuficha mabadiliko ya haraka. Afadhali kuchagua 3 au 4 unazozihitaji. Kinaendelea kunyonya umeme gari likiwa limezimwa, kwa sababu pini 16 haizimwi na swichi, na kikiachwa siku nyingi kwenye gari lisilotembea kinaweza kuwa ndicho chanzo cha betri kuisha. Nenosiri lake la Bluetooth mara nyingi ni 1234 au 0000 na halibadilishwi, hivyo yeyote aliye karibu anaweza kuunganishwa nacho. Hiyo ni sababu nyingine ya kukichomoa baada ya kazi. Na kwenye magari yenye soketi karibu na goti la dereva, kinagongwa kwa urahisi, kwa hiyo sikipendekezi kibaki mahali hapo ukiwa unaendesha, isipokuwa kuna mtu mwingine wa kusoma simu na kifaa hakigusi mguu.

Anayenunua aangalie kwanza simu yake. Vifaa vingi vya Bluetooth vya aina ya zamani havikubali kuunganishwa na programu za iPhone, na mwenye simu hiyo anahitaji chenye Wi-Fi au Bluetooth ya nishati ndogo. Kikishafika mikononi, kabla muda wa kukirudisha haujaisha, kijaribu kwenye gari linalofanya kazi vizuri: kisome joto la maji, marekebisho yote mawili ya petroli, volti za sensa za oksijeni, na orodha ya majaribio yaliyokamilika, kisha utazame kama mawasiliano yanakatika injini inapokanyagwa. Kikishindwa kutoa marekebisho ya petroli kwenye gari ambalo vifaa vingine hulisoma bila shida, kirudishe, hata kama kinasoma na kufuta misimbo vizuri.